Sura ya Sita: Kazi ya Chini

Mwaka 1976 Honda walitoa pikipiki iitwayo CG125. Waliijenga kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hupakiwa magunia, hupitishwa kwenye vumbi na matope, na hubadilishwa oili siku hela ikipatikana. Vali zake husukumwa na fito badala ya kuendeshwa na mnyororo uliojificha ndani ya injini, kwa sababu fito huvumilia pale ambapo mnyororo hudai kuangaliwa. Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi, na pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria katika nchi zetu zina injini ya ukoo huohuo. Ndiyo maana pistoni ya CG haimsumbui mtu. Utaipata Kariakoo, utaipata Kirinyaga Road jijini Nairobi, na mara nyingi utaipata hata kwenye kibanda cha spea kando ya barabara ya vumbi.

Kisichopatikana ni umbo lake. Tangi halisi la miaka ile, vifuniko vya ubavuni vinavyoficha betri na chujio la hewa, madigadi ya mbele yenye mkunjo wake wa asili: hivyo ni vya kutafuta kwa tochi, na vile vinavyouzwa badala yake mara nyingi hukaa kombo, matundu ya skrubu yakakataa kukutana na fremu. Mwenye pikipiki ya zamani hujikuta ana injini yenye spea kila kona na bodi isiyo na spea popote. Kwa hiyo kipande cha zamani, hata kikiwa kimebonyea, kimeliwa na kutu au kimepasuka, ni mali. Hakitupwi, kinatengenezwa.

Na kinaweza kutengenezwa nyumbani, vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Watu huamini kwamba uzuri wa rangi unatoka kwenye bomba la kupulizia na mkono wa aliyelishika. Rangi ni tabaka jembamba mno, halifichi kitu. Kila mkwaruzo, kila shimo dogo, kila alama ya kidole cha mafuta iliyobaki chini yake itaonekana juu, tena iking'aa. Fundi rangi hodari analijua hilo vizuri. Tatizo lake ni kwamba analipwa kwa kazi iliyokwisha, mteja amesimama mlangoni, na siku moja ya kusugua zaidi hailipwi na mtu. Wewe uliye nyumbani hukosi siku hiyo. Huna kompresa wala chumba cha kupulizia, lakini una muda, na kazi ya chini ya rangi hutaka muda kuliko kitu kingine chochote.

Kwanza fahamu umeshika nini. Tangi ni la bati la chuma, hilo halina utata. Vifuniko vya plastiki ndivyo vinavyodanganya, maana plastiki zinafanana kwa macho na hutofautiana kabisa kwa tabia. Geuza kipande uangalie upande wa ndani. Vipande vya miaka ya karibuni vina herufi zilizochorwa kati ya vimshale viwili: ABS, PP au PE. Vya zamani zaidi mara nyingi havina alama, basi kata chembe ndogo kutoka ukingo usioonekana uitumbukize kwenye maji. PP na PE ni nyepesi kuliko maji, zitaelea. ABS itazama.

Jaribio hilo la dakika moja huamua kazi yote. ABS ni rafiki wa mtengenezaji. Huyeyuka kwenye asetoni, kwa hiyo ukichukua vipande vya kifuniko kingine kilichovunjika, cha plastiki hiyohiyo, ukavikatakata ndani ya kichupa cha kioo na kuvimwagia asetoni kidogo, kufikia kesho yake utakuwa na uji mzito unaoweza kujaza ufa na kuwa kitu kimoja na kipande chenyewe. Kabla ya kujaza, toboa tundu dogo pale ufa unapoishia, maana mwisho wa ufa ni mkali na nguvu zote za mtikisiko hukusanyika hapo. Tundu la mviringo huzitawanya na ufa hauendelei. Kisha chimba mfereji wa umbo la V kufuata ufa, kwa upande wa ndani, na ulaze kipande cha wavu mwembamba wa waya kabla ya kumimina uji. Acha ukauke siku kadhaa. Juu utahisi mgumu mapema, lakini asetoni iliyonaswa ndani huendelea kutoka polepole, na ukipaka rangi kabla haijaisha, mahali pale patabonyea baadaye.

PP haijali asetoni. Huunganishwa kwa joto, kwa chuma cha kulehemu na ujiti wa plastiki ya aina hiyohiyo, na rangi haiishiki mpaka upake kwanza praima maalumu ya plastiki za jamii hiyo. PE ni kaidi zaidi. Honda walipoleta Super Cub mwaka 1958 walitumia plastiki hiyo ya PE, yaani poliethilini, kwa kinga ya miguu na madigadi ya mbele, jambo lililokuwa geni kwa pikipiki wakati ule, na hadi mwaka 2017 pikipiki za ukoo huo zilikuwa zimepita milioni 100. Ukiwa na Cub ya zamani, C50, C70 au C90, yenye kinga iliyofifia, usiipake rangi. Rangi itakaa miezi michache, halafu itaanza kubanduka kama maganda. Ioshe, isugue kwa msasa wa maji namba 1000 halafu 2000, uimalizie kwa dawa ya kung'arisha. Weupe uliochoka utatoka, na chini yake kuna plastiki ya rangi ileile, kwa kuwa rangi yake ilichanganywa humo tangu kiwandani.

Turudi kwenye tangi, ambako ndiko kwenye kazi kubwa na hatari kubwa.

Tangi lililomwagwa petroli ni la kuogopwa kuliko lililojaa. Petroli yenyewe haiwaki. Mvuke wake ndio unaowaka, na hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Tangi lililojaa pomoni halina nafasi ya mchanganyiko huo. Tangi lenye vijiko viwili vya petroli chini lina nafasi tele. Kwa hiyo lifungulie nje, mbali na jiko la mkaa, mbali na sigara, na ukumbuke kwamba mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, hufika jikoni kabla pua yako haijashtuka. Mvuke wa thina una tabia hiyohiyo. Lioshe tangi kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, uliache wazi juani. Na kama lina tundu linalovuja, hapo kazi ya nyumbani inaishia. Mpelekee fundi wa kuchomelea ambaye hulijaza maji mpaka karibu na tundu kabla ya kuwasha chochote. Asiyefanya hivyo, mwondokee na tangi lako.

Kutu ya ndani ina chanzo kinachoeleweka. Usiku hewa ndani ya tangi lililo nusu hupoa, unyevu wake hugeuka matone kwenye kuta, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, huteremka mpaka chini kabisa, kwenye mshono wa bati karibu na koki. Hapo hukaa miaka. Pikipiki iliyosimama muda mrefu huoza kuanzia sehemu hiyo, na unga mwekundu unaoziba kabureta unatoka huko.

Toa koki na floti, ziba matundu, kisha tia ndani mnyororo mdogo uliofungwa waya unaobaki nje mdomoni, pamoja na maji kidogo, utikise tangi kila upande. Wengine hutia nati au kokoto. Mimi hupendelea mnyororo kwa sababu hutoka wote kwa mkupuo mmoja, wakati nati moja ikijificha kwenye kona itakusumbua wiki nzima. Maganda makubwa yakishatoka, jaza tangi maji ya uvuguvugu yenye ndimu ya unga, gramu 50 hadi 100 kwa kila lita, uyaache usiku kucha. Asidi hiyo ni ya jikoni, hula kutu haraka na chuma polepole, lakini chuma hukila pia, kwa hiyo usiisahau humo siku tatu. Ukiimwaga, suuza papo hapo kwa maji yenye magadi ya unga ili kuua asidi iliyobaki, kausha kwa hewa ya moto, na kabla ya saa kupita uzungushe ndani petroli iliyochanganywa na oili kidogo. Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi. Ukikiacha hewani kitapata vumbi la rangi ya chungwa mbele ya macho yako, na Tanga au Mombasa hutasubiri hata nusu saa.

Wapo wanaopendelea kutumia umeme: maji yenye soda, betri, tangi likiunganishwa upande wa hasi na kipande cha chuma kikining'inia katikati upande wa chanya bila kugusa kuta. Njia hiyo haili chuma kizima hata kidogo, na ni nzuri kwa tangi lililooza sana. Ina masharti matatu ambayo sitaki uyapuuze. Hutoa haidrojeni, kwa hiyo ifanyie nje. Kipande cha upande wa chanya kisiwe chuma cha pua, yaani kile cha masufuria yanayong'aa, kwa sababu hutoa kromu yenye sumu ndani ya maji. Na usitumie magadi ghafi ya sokoni, ambayo huja na chumvi ya kawaida ndani yake. Chumvi hiyo chini ya umeme hutoa klorini. Nunua soda iliyosafishwa.

Nje ya tangi, rangi ya zamani ina jambo lake. Rangi nyingi za manjano na nyekundu za miongo iliyopita zilitegemea madini yenye risasi. Ukizisugua zikiwa kavu, unavuta sumu, na watoto wanaocheza uani wanaivuta pia. Zisugue zikiwa zimelowa. Msasa wa maji, ambao leo tunauona kitu cha kawaida, ulianza kuuzwa na kampuni ya 3M ya Marekani mwaka 1921, kutokana na ubunifu wa Francis Okie wa Philadelphia, na karakana za magari ziliupokea mara moja kwa sababu hiyo ya vumbi na kwa sababu uliacha uso laini zaidi. Miaka michache baadaye kijana wa kampuni hiyohiyo, Richard Drew, aliyekuwa akizipelekea karakana msasa huo wa majaribio, aliwakuta wapaka rangi wakihangaika kupata mstari safi kati ya rangi mbili za gari. Utepe wao ulikuwa ukiondoka na rangi. Akatengeneza ule wa karatasi tunaoutumia hadi leo kufunika visivyopakwa. Vifaa hivyo viwili vikubwa vya kazi hii vilitoka kwa watu waliotazama kwa makini taabu ya fundi.

Pale bati lilipobonyea, mkono haufiki kwa ndani, hivyo bonde hujazwa puti. Kwangura hadi kwenye chuma chenyewe, kikwaruze kwa msasa namba 80, na changanya puti na hadina yake kwa kipimo: gramu 2 kwa gramu 100. Wengi huongeza hadina ili ikauke haraka. Itakauka, ndiyo, lakini kemikali iliyozidi itapanda taratibu hadi juu na kuacha doa la kahawia kwenye rangi mpya, na hakuna dawa ya doa hilo isipokuwa kuanza upya. Paka tabaka jembamba, rudia, na jumla isipite milimita 3.

Hapa nina ugomvi na mazoea ya karakana nyingi. Puti hunyonya maji. Kuisugua kwa msasa wa maji ni kuyanywesha maji yale chini ya praima, juu ya chuma, na baada ya masika moja utaona vipele vimechomoza mahali palepale ulipojisifia. Rangi ya zamani isugue kwa maji; puti isugue kavu, ukiwa umevaa barakoa; praima, kwa kuwa ni ngozi iliyofunga, irudishe kwenye maji. Msasa usishikwe kwa vidole vitupu, maana vidole huchimba mabonde yao. Uzungushie kipande cha soli ya kandambili: kigumu kiasi cha kusawazisha, laini kiasi cha kufuata mkunjo wa tangi. Halafu pulizia vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya praima, usugue tena. Pale weusi unapobaki ni bonde, pale chuma kinapoonekana haraka ni kilima. Jicho hudanganyika kwenye kijivu kitupu, ila weusi ule utakuonyesha kila kosa. Rudia mpaka weusi uondoke wote kwa pamoja, kwa namba 320, kisha 400, kisha 600.

Wakazi wa pwani wana hatua moja ya ziada, nayo ni kuosha. Upepo wa bahari huacha chumvi kwenye kila kitu, na msasa hauitoi, huisukumia tu kwenye mikwaruzo. Chumvi iliyofungiwa chini ya rangi huvuta unyevu kupitia rangi yenyewe na kuinua malengelenge. Osha kwa maji safi mengi kabla ya kusugua na baada ya kusugua, ila usiiloweshe puti, kausha, futa kwa kitambaa chenye thina, na kutoka hapo usiguse tena kwa mkono mtupu. Praima ipakwe siku hiyohiyo.

Sasa rangi. Kwanza jua kilicho chini: lowesha kitambaa kwa thina ya NC, yaani ya rangi ya nitroselulosi, ukiweke dakika moja mahali pasipoonekana. Rangi ikikunjamana, ni ya mafuta, na ukiipulizia NC juu itakunjamana yote, iondoe. Isipotikisika, imekauka kwa joto la kiwandani au kwa hadina, na inaweza kubaki kama msingi. Kwa kopo la kupulizia, kaa umbali wa sentimita 20 hadi 25, anza kubonyeza kabla hujafika kwenye kipande na uache baada ya kukipita. Tabaka la kwanza liwe kama ukungu tu. Mwagia sakafu maji ili vumbi litulie. Epuka siku ya mvua: thina inapotoka haraka hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewa huganda hapo, na rangi huingia weupe wa ukungu usiofutika. Saa nne asubuhi, jua likiwa limekwisha kukausha hewa na upepo haujaamka, ndiyo saa yangu.

Kuhusu kulinganisha rangi, vua nembo ya tangi au kifuniko cha ubavuni uone mahali ambapo jua halikufika. Ukipaka pikipiki nzima, mpe mchanganyaji rangi kipande hicho. Ukipaka kipande kimoja tu, mpe kilichofifia, la sivyo kipya kitawaaibisha wenzake. Zile rangi za kina zinazometa, kama zilizotoka na Honda CB750 mwaka 1969, ziache kwa mwenye uzoefu. Huwa na fedha au dhahabu chini na rangi inayopenyeza mwanga juu, na kila tabaka linaloongezwa hugeuza rangi yenyewe, hivyo kiraka chake huonekana daima.

Kisha kuna swali gumu kuliko yote. Rangi ya NC na laka ya kawaida ya kopo huyeyushwa na petroli. Tone moja likimwagika ukijaza mafuta, linaacha njia. Kinachostahimili petroli ni laka ya 2K, inayochanganywa na hadina. Lakini hadina hiyo ina isosayaneti, na ukungu wake ukivutwa unaweza kuleta pumu isiyoondoka maishani. Nchini Uingereza mamlaka ya usalama kazini imeitaja kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu ya kazini, na wapulizaji wa rangi za magari ni miongoni mwa wanaoumia zaidi. Harufu yake haikuonyi, barakoa ya kitambaa haifanyi kitu, na mafundi hutakiwa kuvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Makopo ya 2K yenye kidonge cha kupasua chini yana kemikali ileile, hata yakionekana mepesi kama dawa ya mbu.

Kwa hiyo vifuniko na madigadi maliza mwenyewe. Tangi lifikishe mpaka mwisho wa rangi, limesuguliwa na kusafishwa, na laka ya juu mpelekee fundi mwenye chumba na barakoa ya hewa. Muulize anavaa nini kabla ya kumuuliza bei. Fundi mzuri hupokea tangi lililoandaliwa hivyo kwa furaha, kwa sababu amebakiwa na sehemu anayoifanya vizuri kuliko mtu yeyote, na malipo hushuka.

Likirudi, usiwe na haraka ya kulifunga. Laka inayohisiwa ngumu siku ya pili bado ni changa, na petroli au nta ya kung'arisha ikiigusa mapema italeta madoa. Lipe wiki mbili au zaidi, hata kama pikipiki iko uani bila tangi. Wakati huo kagua mipira ambayo tangi hukalia juu ya fremu. Kwenye pikipiki ya umri huu mara nyingi imekuwa migumu kama ubao au imepotea kabisa, na tangi likikaa chuma kwa chuma, mtikisiko wa injini utapasua rangi mpya kwenye vishikio vyake kabla ya mwezi kwisha. Mipira hiyo ni ya bei ndogo, na ukiikosa dukani unaweza kuikata mwenyewe kutoka kwenye tairi kuukuu. Badilisha pia washa ya koki, jaza petroli kidogo tu kwanza, na ulaze karatasi kavu chini yake usiku mmoja uone kama inavuja.